Joto la Isiolo, baridi ya Timau: Kwa nini malori hukataa kuwaka alfajiri

MALORI yanayokwenda kaskazini mwa Kenya, au yanayorejea kutoka huko, aghalabu hulala Isiolo. Ndivyo ilivyokuwa kwa miongo mingi wakati lami ilipokomea mjini humo, na magari yakalazimika kusubiri polisi wenye silaha ili yaondoke kwa msafara kuelekea Marsabit na Moyale. Ndivyo ilivyo hata sasa, baada ya barabara hiyo ya takriban kilomita 500 hadi mpaka wa Ethiopia kutiwa lami yote kufikia 2017.

Lami imepunguza vumbi na siku za safari, lakini haijaondoa usiku. Sheria ya Trafiki, kufuatia marekebisho ya 2012, hairuhusu dereva wa gari la biashara kukaa kwenye usukani kwa zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Isitoshe, wengi hawapendi kuvuka nyika za Archer's Post, Merille na Laisamis gizani kwa kuhofia majangili. Hivyo basi, dereva na utingo wake huegesha, hula, hujinyoosha ndani ya kebini na kungoja mapambazuko.

Taabu huanza ufunguo unapozungushwa alfajiri. Badala ya injini kunguruma, husikika mlio mkavu wa stata, "tik", kisha kimya. Taa za dashibodi hufifia. Shehena ya unga, mchele au saruji inaweza kungoja fundi afungue duka lake. Ng'ombe na mbuzi waliopakiwa Moyale au Marsabit kwa safari ya Nairobi hawawezi. Mnyama aliyesimama kwa siku nzima katika msongamano, bila maji, huishiwa nguvu na kuanguka, na akishaanguka hukanyagwa na wenzake. Lori lililo katika mwendo huwapelekea upepo. Lililokwama juani huwageukia kuwa tanuri.

Ili kufahamu kwa nini lori lililofika salama jioni hukataa kuwaka asubuhi, yafaa kwanza kuijua kazi ya betri. Injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche kama ile ya petroli. Mafuta yake huwaka kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda hupata joto kali. Pasipo injini kuzungushwa kwa kasi ya kutosha, hewa hiyo haipati joto na dizeli haiwaki. Kazi hiyo ya kuzungusha ni ya stata, nayo hudai mamia ya ampea za umeme kwa sekunde chache.

Malori mengi makubwa hutumia betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano ili kupata volti 24. Chukua mfano wa betri mbili mpya za ampea-saa 150 kila moja. Usiku, dereva anawasha taa ndogo za pembeni, tuseme balbu 10 za wati 5. Anasikiliza redio, anachaji simu mbili, na taa ya kebini inaachwa ikiwaka kwa saa kadhaa. Matumizi hayo yote yanaweza kufikia wati 96, yaani ampea 4 kwa volti 24. Katika saa 10 za kulala, ampea-saa 40 zimekwisha kutumika. Zinabaki 110, na kwa betri mpya hizo zatosha kabisa kuamsha injini.

Lakini hesabu hiyo hugeuka betri inapozeeka. Betri iliyoandikwa 150 huenda baada ya miaka michache ikawa na uwezo wa kuhifadhi ampea-saa 70 tu, hata ikichajiwa hadi mwisho. Ikitolewa 40 usiku, inabaki na 30, tena bila ile nguvu ya kuzitoa kwa mkupuo. Dereva huapa kwamba hakufanya lolote jipya, na husema kweli. Redio ni ile ile na taa ni zile zile. Kilichopungua ni ghala lenyewe.

Na hapa ndipo Isiolo inapoingia. Mji huo uko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo nyanda za juu za Mlima Kenya zinashuka ghafla na kuwa nyika. Joto la mchana hupita nyuzi 30 za sentigredi mara kwa mara, na ndani ya kisanduku cha betri, karibu na injini na juu ya lami inayorudisha moto wa jua, hali huwa mbaya zaidi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa betri za risasi ni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, uharibifu wa kikemikali ndani yake huenda kwa kasi ya karibu maradufu. Vyuma vya bamba huliwa upesi na maji hukauka. Maji yakipungua hadi bamba zikabaki wazi, sehemu iliyo wazi hufa na haifufuki hata ikiongezwa maji baadaye.

Wengi hudhani kwamba adui wa betri ni baridi. Baridi hufichua tu. Betri hujeruhiwa na joto la mchana kwa miezi, pole pole, bila kelele, kisha jeraha hilo huonekana usiku mmoja wa ubaridi.

Usiku huo hauko mbali. Kutoka Isiolo hadi Timau ni mwendo wa muda mfupi, ingawa ni wa kupanda mlima. Lori hutoka nyikani, likapita njiapanda ya Subuiga ambako barabara ya Meru hukutana na ile ya Nanyuki, na kufika kwenye mashamba ya ngano yaliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, chini ya theluji ya Mlima Kenya. Dereva aliyelala Isiolo na shati pekee hujikuta Timau akitafuta koti. Upande wa kaskazini, Marsabit nayo ina mlima wake wenye ukungu na upepo, kisiwa cha baridi katikati ya jangwa.

Kwa haki, baridi ya Timau si ile ya Ulaya, ambako dizeli huweza kuganda ndani ya tangi. Betri nzima haitishwi nayo. Hata hivyo, kadiri joto linavyoshuka ndivyo kemikali za betri zinavyofanya kazi kwa uvivu, na ndivyo oili ya injini inavyokuwa nzito. Betri inatoa pungufu huku stata ikidai zaidi. Kwa betri iliyokwisha kuchoshwa na jua la nyika, tofauti hiyo ndogo yatosha. Ndiyo maana dereva aliyewasha lori lake bila shida Isiolo kwa wiki nzima anaweza kukwama usiku wa kwanza anaolala mlimani, kisha akailaumu Timau kwa kosa lililotendwa kwingine.

Sababu nyingine hutengenezwa na binadamu, tena kwa nia njema. Redio nyingi, chaja za simu na vifaa vingine vya kebini hutumia volti 12, ilhali lori lina 24. Kifaa cha kupunguza volti kinauzwa, ila kina gharama. Njia ya mkato ambayo baadhi ya mafundi huipendelea ni kuchota umeme kutoka kwa betri moja tu kati ya zile mbili. Redio hulia vizuri, mteja huridhika, na fundi hulipwa.

Kumbe betri hizo ni kama mafahali wawili waliofungwa nira moja. Ile inayochotwa kila usiku hushuka peke yake. Asubuhi alteneta huzichaji zote mbili kana kwamba ni sawa: iliyoshiba hulishwa kupita kiasi hadi maji yakachemka, na yenye njaa haijai kamwe. Katika hali ya njaa ya kudumu, salfati hujijenga juu ya bamba na kuwa gumu kama ukoko, na sehemu hiyo haipokei chaji tena. Miezi michache baadaye moja hufa. Mwenye lori hununua moja mpya na kuiunganisha na ile kuukuu, na kisa huanza upya, kwani kuukuu huiburuta mpya.

Kipimo cha kugundua haya ni rahisi. Lori likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, mita ya umeme ikiwekwa kwenye betri yenye afya huonyesha karibu volti 12.7. Ikisoma 12.2, nusu ya chaji imekwisha. Ikikaribia 12 au chini yake, hiyo ni hatari. Kila betri hupimwa peke yake, na pengo kati ya hizo mbili ni ushahidi kwamba mmoja wa mafahali anachechemea. Injini inapowaka, jozi hiyo yapaswa kusoma kati ya volti 27.5 na 28.5 hivi. Chini ya hapo, huenda betri inasingiziwa na mkosaji ni alteneta au mkanda wake. Mara nyingine kosa lote ni ukungu wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri, ambao maji ya moto na brashi huuondoa kwa dakika tano.

Upande wa pili wa usiku ni mwili wa dereva mwenyewe. Kipasha-joto cha kawaida cha lori huchukua joto kutoka kwa maji ya injini. Injini ikizimwa, joto hilo huisha baada ya muda mfupi. Katika nchi za Ulaya, malori ya masafa marefu hufungwa kitanuri kidogo kinachochoma dizeli kiasi kidogo na kupuliza hewa ya moto kebini huku moshi ukitolewa nje kwa bomba lake. Baadhi ya malori yaliyotumika huko yakaletwa Kenya huja na kitanuri hicho. Ikumbukwe kwamba feni yake nayo hula umeme wa betri usiku kucha, na kikiwa kibovu chafaa kuachwa kabisa.

Wasio nacho, ambao ndio wengi, hujifunika blanketi. Wengine huacha injini ikinguruma. Lori kubwa lililosimama huku linawaka huteketeza lita mbili hadi tatu za dizeli kwa saa, hivyo usiku wa saa 8 waweza kumeza zaidi ya lita 20 bila kusogea hata hatua moja. Huko California, Marekani, sheria huwakataza madereva wa malori mazito kuacha injini ikiwaka kwa zaidi ya dakika 5 wakiwa wamesimama, na tangu 2008 hata malori yenye kitanda yamejumuishwa. Isiolo hakuna anayesimama na saa mkononi, lakini mwenye lori husoma geji ya mafuta, naye huuliza.

Kuna njia ya tatu ambayo haistahili kujadiliwa kwa upole. Jiko la makaa, lile lile lililopikia chai jioni, huingizwa kebini likiwa na makaa mekundu, madirisha yakafungwa. Makaa hayatoi moshi wa kuonekana, na hapo ndipo udanganyifu ulipo. Hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye damu kwa nguvu inayoishinda oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huanza na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na uzito wa viungo, dalili ambazo dereva aliyechoka huzichukulia kuwa uchovu tu. Aliyelala hazioni kabisa. Kebini ni chumba kidogo kuliko chochote katika nyumba. Kuacha upenyo mwembamba wa dirisha si kinga. Bomba la moshi lililotoboka chini ya kebini huleta gesi hiyo hiyo kwa dereva anayelala injini ikiwaka.

Lori likikwama, ushirika wa barabarani ndio msaada wa kwanza. Dereva jirani husogeza lake, nyaya nene hutolewa, na moto wa betri huazimwa. Yafaa kuhakikisha magari yote mawili ni ya volti 24, kwani kuunganisha lori na gari dogo la volti 12 kwaweza kuunguza vifaa vya gari dogo hilo. Chanya huungwa na chanya. Waya wa hasi wa mwisho hubanwa kwenye chuma kitupu cha lori lililokwama, mbali na betri. Sababu ya umbali huo ni kwamba betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja au sigara moja yatosha kuilipua na kumwaga asidi usoni mwa aliyeinama. Anayemulika ndani ya betri kwa kiberiti anacheza na macho yake.

Wapo wanaotegemea mteremko. Huegesha pua ikielekea bondeni, na asubuhi huachilia lori liteleze kisha huingiza gia. Mbinu hii iliwasaidia wengi zamani, na kwa lori dogo lenye gia za mkono bado hufanya kazi. Lori kubwa lina breki za hewa. Breki ya kuegeshea hushikwa na springi na huachiliwa kwa shinikizo la hewa inayotengenezwa na injini. Hewa ikivuja usiku, magurudumu hubaki yamefungwa hata kuwe na mteremko gani. Na kama hewa imebaki kidogo tu ya kuachilia, basi dereva anashuka mlima na tani nyingi mgongoni, injini imezimwa, usukani mzito, na breki zisizo na akiba. Barabara ya kutoka Timau kushuka Isiolo si mahali pa jaribio hilo.

Suala la nani alipe ndilo huzuia mengi. Mwenye lori yuko Nairobi au Meru. Anaona betri mpya mbili kama gharama, na simu ya alfajiri kutoka Isiolo kama uzembe wa dereva. Dereva naye anajua kwamba akitaja redio atakatwa mshahara, hivyo huficha. Fundi aliyechota umeme kutoka betri moja hayupo. Katika mabishano hayo betri haipimwi hadi ife, ilhali mita ya kuipima hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya betri moja.

Mabadiliko yenye faida kubwa ni madogo. Balbu za pembeni za wati 5 zikibadilishwa na taa za LED za wati 1, zile wati 50 za taa huwa 10. Lori lililo ndani ya ua wenye mlinzi na taa halihitaji kuwashwa zake hata kidogo. Lililoharibika kando ya barabara lahitaji, pamoja na pembetatu zinazoakisi mwanga, si matawi ya miti peke yake. Redio na simu zikipewa betri yao ya pembeni, betri za stata hulala bila kuguswa.

Aidha, Isiolo haikosi jua. Paneli ya sola ya wati 100 juu ya paa la kebini, ikipata saa 5 za jua kali, huvuna karibu wati-saa 500 kwa siku, na baada ya upotevu hubaki kama 400. Hiyo ni karibu nusu ya mahitaji ya usiku wa wati 96 tuliouona, na baada ya kubadili balbu ni zaidi ya theluthi mbili. Jua lile lile linalopika betri mchana linaweza kulipa sehemu ya deni, alimradi pawe na kidhibiti cha chaji kati ya paneli na betri. Bila hicho, betri huchemshwa mara mbili.

Betri iliyokufa nayo ina safari yake. Aghalabu humwachia fundi au mnunuzi wa vyuma chakavu, na thamani yake ni risasi iliyo ndani. Wengine humwaga asidi chini kwanza ili kupunguza uzito wa kubeba, katika ua ambamo mbuzi huzurura na watoto hucheza. Madhara ya risasi yanafahamika vyema nchini. Wakazi wa kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, walidhurika kutokana na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kando ya nyumba zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni, uamuzi huo ulibatilishwa na Mahakama ya Rufaa 2023, kabla ya Mahakama ya Juu kuurejesha Desemba 2024. Betri nzima, ikiwa na asidi yake na vifuniko vyake, hukubaliwa na wauzaji wengi wa betri mpya kama sehemu ya bei, na dereva anayeifunga wima nyuma ya kiti na kuirudisha Nairobi hupunguza gharama ya ile inayofuata.